Kabla Februari haijaisha: habari za kituoni kwetu Mafinga

Matokeo ya mitihani ya Novemba yametoka, chai mashambani imechipua, na dirisha la usajili wa watahiniwa wa kujitegemea liko wazi. Mambo haya matatu hugongana kila mwaka majira haya, na kila mwaka hakosekani mtu wa kuja kituoni mwezi wa nne, amevaa vizuri, hela ameikunja mfukoni, kuniambia kwamba sasa yuko tayari kuandikishwa. Namkaribisha kiti, tunaulizana habari za nyumbani, kisha namwambia arudi mwakani. Kwa hiyo safari hii naandika mapema, tena kwa kirefu. Mwenye haraka aruke aende kwenye tarehe huko chini.

Kwa wageni: mimi ni mwalimu mstaafu wa Jiografia. Nilistaafu nikijua nakwenda kufuga kuku. Kuku wapo, lakini anayewalisha ni mjukuu, maana mimi naratibu kituo cha sekondari kwa njia ya masafa hapa Mafinga, wilayani Mufindi. Mtaani hakuna anayeiita hivyo. Wanasema tu "fulani anasoma QT". Huo ni mtihani, siyo shule, ila jina limeshaganda na mimi sina nguvu za kubishana nalo.

Utaratibu wenyewe ni huu. Aliyemaliza darasa la saba akaishia hapo anaanza Hatua ya I, ambayo inabeba kidato cha kwanza na cha pili ndani ya mwaka mmoja. Mwisho wa mwaka anafanya Mtihani wa Maarifa, ndiyo hiyo QT. Akivuka anaingia Hatua ya II, kidato cha tatu na cha nne, mwaka mmoja tena, na mwisho wake anaketi mtihani wa Kidato cha Nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, karatasi ileile wanayopewa watoto wenye sare. Miaka minne inabanwa kwenye miwili, na hiyo miwili mtu anaisoma huku anachuma chai, anapasua mbao, anauza duka au ananyonyesha. Jumatatu mpaka Ijumaa anajisomea moduli kwake. Jumamosi na Jumapili tunakutana ana kwa ana.

Nianze na ya furaha. Hatua ya I wamevuka wengi, na ninaowapongeza zaidi ni wale waliovuka bila kukosa wikiendi hata mvua ilipokuwa inavunja miti. Wa Hatua ya II kuna kijana mmoja ambaye siwezi kumwacha. Anaendesha dingdong. Kwa wasio wa huku, hiyo ni mashine ya kupasulia mbao inayohamishwa msituni kutoka kitalu hadi kitalu kule Sao Hill, na kelele zake mtu analala nazo masikioni hata baada ya kuizima. Alikuwa anafika darasani na unga wa mbao kwenye nyusi, anakaa mbele kabisa kwa sababu hasikii vizuri, na anauliza swali mpaka wenzake wanaguna. Amepata C ya Hisabati. Najua kuna wanaosoma hapa waliotoka shule za bweni zenye majina makubwa, watasema C ni nini. Hisabati ndilo somo linalowaangusha watahiniwa wengi kuliko masomo yote nchini, miaka nenda miaka rudi, wakiwemo wale wenye mwalimu siku tano kwa wiki. Huyu alikuwa na mwalimu saa mbili kila Jumamosi. Nimempigia simu, nikamsikia anazima mashine, kisha kimya, kisha akaniuliza: "Madam, una uhakika umesoma namba yangu?"

Walioanguka nao nimewapigia, kila mtu kwa wakati wake. Wengine hawakupokea, na mimi najua kwa nini, lakini nitapiga tena. Hakuna sababu ya kurudia masomo yote. Aliyepata F ya Kiingereza na ya Biolojia arisiti hayo mawili, mengine ayaache alivyoyapata. Nimeona mtu akilipia masomo saba upya kwa hasira tu, akatawanya nguvu na kuanguka tena yaleyale mawili. Hasira siyo mpango wa masomo.

Tatizo letu kubwa ni lilelile, lugha. Mtihani ukiondoa Kiswahili ni kwa Kiingereza, na mwanafunzi wangu wa kawaida aliacha shule ya msingi miaka kumi au kumi na tano iliyopita, akiwa amesoma kila kitu kwa Kiswahili, na tangu siku hiyo hakuna aliyemsemesha Kiingereza isipokuwa redio. Anajua jibu. Ukimuuliza kwa Kiswahili anakupa jibu na ziada. Mimi sifundishi Jiografia siku hizi, nafundisha Kiingereza chenye ramani.

Na hapo kwenye ramani niwape kisa kimoja. Nilitandaza ramani ya mandhari, zile za kipimo cha 1:50,000 ambazo huja kwenye mtihani, nikawa naeleza mistari ya kontua: ikikaribiana, mteremko ni mkali, ikiachana, ni tambarare. Vijana wanaandika, wanaitikia "ndiyo madam", na macho yao yananiambia hakuna lililoingia. Nyuma kuna mama mmoja mchumaji chai, mtu mzima, sauti hatoi mpaka uichimbe. Alisogea na daftari lake, akaweka kidole palipobanana mistari, akakipandisha taratibu mpaka juu ya kilima. Akasema: "Hapa ukipanda na kapu mgongoni unapumzika mara mbili. Hapa mara moja. Hapa juu unatembea unaongea." Darasa lote likainuka kuja kutazama. Akaulizwa na mwenzake njia ya lori inapita wapi, akaionyesha ikizunguka kilima badala ya kukikata, na akaeleza kwa nini, kwa sababu lori lililojaa majani mabichi haliwezi ule mteremko mvua ikinyesha. Hilo ni swali la mtihani kabisa, la alama nne au tano: eleza uhusiano kati ya barabara na umbo la ardhi. Kilichobaki ni yeye kuandika hayo kwa Kiingereza, na tulikaa naye saa nzima kwa sentensi tatu. Sentensi tatu nzuri.

Sasa usajili. Nawaomba mwache mambo mengine yote muisome sehemu hii, na mwenye ndugu asiyejua kusoma kwenye simu amsomee.

Usajili wa Baraza la Mitihani kwa watahiniwa wa kujitegemea unafunguliwa Januari. Mpaka mwisho wa Februari unalipa ada ya kawaida, shilingi 30,000 kwa Maarifa na 50,000 kwa Kidato cha Nne. Machi ni mwezi wa faini, ambapo 30,000 inakuwa 40,000 na 50,000 inakuwa 65,000. Machi ikiisha, imeisha. Hakuna simu ya mkubwa, hakuna "madam niombee", mfumo unajifunga wenyewe. Kwanza unakwenda kwenye kituo cha mtihani unachotaka kufanyia, unapewa namba rejea. Kwa namba hiyo unajaza taarifa mtandaoni, unachagua masomo, unaweka picha, unapata namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki. Mtu wa Maarifa anatakiwa awe na namba yake ya mtihani wa darasa la saba. Mtu wa Kidato cha Nne aliyepitia QT awe na namba yake ya QT.

Namba ya darasa la saba ndiyo inayotutoa jasho. Wengi hawaijui, na cheti kilishaliwa na mchwa au kiliungua na nyumba ya bibi. Anza leo. Nenda shule uliyosoma, muone mwalimu mkuu kwa heshima zote, mtajie mwaka uliomaliza. Wasipokuwa nayo, nenda ofisi ya elimu ya wilaya ile ambayo shule ipo, siyo ya hapa unapoishi. Nina wanafunzi waliosomea Makete, Ludewa, hata Sumbawanga, waliokuja huku kufuata kazi za chai na mbao. Nauli ya kwenda kutafuta namba inaweza kuzidi ada yenyewe, kwa hiyo kwanza piga simu kijijini, tafuta ndugu au mwalimu anayekukumbuka.

Halafu majina. Jina la kwenye usajili linatakiwa lifanane na lile la shule ya msingi. Huku kwetu mtu ana jina la ubatizo, jina la babu, jina la nyumbani na jina analojulikana nalo kazini, na kwenye kitambulisho cha NIDA aliandika lile lililomjia siku hiyo. Kuna binti mwaka jana alikwenda steshenari moja hapa mjini kujaziwa fomu. Mwenye kompyuta alikuwa na foleni, akamwambia "taja haraka", binti akataja, yule akaandika anavyosikia. Herufi moja ikaruka. Tuligundua Novemba, wakati wa kukagua orodha mlangoni, binti ana kalamu mkononi na moyo mdomoni. Alifanya mtihani, lakini kulirekebisha jina lile baadaye kulimla siku na nauli ambazo hakuwa nazo. Tangu hapo nimeweka sheria: hakuna kubonyeza kitufe cha mwisho mpaka mwenyewe amesoma jina lake herufi kwa herufi, kwa sauti, huku mwenzake ameshika cheti. Ndiyo, tunasikika kama darasa la kwanza. Ndiyo, watu wanacheka. Jisajili kituoni kwetu na hautalipa cha steshenari. Kompyuta ni moja, mtandao ni wa kuvizia, lakini hakuna atakayekuambia utaje haraka.

Watu wa mbali huniuliza kwa nini wanafunzi wa Mufindi huchelewa hivi kila mwaka, kana kwamba ni uzembe. Wanaouliza hawajawahi kuchuma chai. Mchumaji analipwa kwa kilo. Mvua hizi za Desemba mpaka Mei ndipo majani yanapochipua kwa fujo, na siku moja ya Februari inaweza kumpa kilo nyingi kuliko siku kadhaa za Julai. Ukimwambia aache shamba siku nzima aje mjini kufuata namba rejea, unamwambia atupe hela iliyo mbele yake. Julai mambo yanageuka: baridi inashuka, kuna alfajiri unakuta barafu nyeupe juu ya majani, chai inadumaa, mtu ana siku tele za kuja kujiandikisha lakini mfukoni hakuna kitu na dirisha lilishafungwa. Februari ana hela hana siku. Julai ana siku hana hela. Kalenda ya mtihani haikupangwa na mtu wa Mufindi.

Kwa hiyo mwaka huu tunajaribu kitu. Mimi na mwezeshaji wa Kiswahili tutakwenda wenyewe mashambani jioni, baada ya chai kupimwa, tukiwa na fomu za karatasi na kijana wetu wa kupiga picha. Tutaandika taarifa za watu palepale, watatupa ada au watatuma kwa simu mbele yetu na kuandikiwa risiti, na usiku tutaziingiza kituoni mtandao ukiwa mwepesi. Siku za kila eneo nitazitangaza kupitia viongozi wa vikundi. Anayetaka kupigwa picha aje na nguo yenye kola, siyo koti la mvua.

Na kwa wanaoanza mwakani, tunafungua daftari la akiba Julai. Elfu mbili mbili, tatu tatu, kila mtu anavyoweza. Mtunza hazina mmemchagua wenyewe, mimi sigusi hela hiyo na msinitumie.

Nije kwa darasa la wasichana. Tangu serikali itangaze mnamo Novemba 2021 kwamba wanafunzi walioacha shule, wakiwemo waliopata ujauzito, wanaweza kurudi, baadhi yao wamerudi kwenye shule zao na wengine wamekuja njia mbadala, kwetu huku, kupitia SEQUIP, mpango wa serikali wa kuboresha elimu ya sekondari. Ninaowapokea mimi wengi wao hawakutaka kurudi kule walikotoka. Siwalaumu. Kurudi kukaa dawati lilelile, na mwalimu yuleyule aliyekusomea jina mstarini, kunataka moyo ambao mtu mzima hana, sembuse mtoto wa miaka kumi na saba. Huku wanakuta mama wa miaka arobaini anahangaika na sehemu zilezile za hesabu, na hakuna anayemuuliza mwenzake amefikaje.

Habari njema ni kwamba chumba cha stoo kimefagiwa, kimetandikwa mikeka, na kuanzia wikiendi hii kitakuwa cha watoto. Bibi mmoja jirani amekubali kukaa nao, na wenye watoto wamekubaliana kumpa unga na sabuni. Masharti ni machache. Mtoto aje na uji wake kwenye chupa yenye jina, nguo ya kubadilisha, na asiwe na homa. Mtoto akilia sana bibi atagonga dirisha mara moja, mama yake atoke, wengine msigeuke wote kama mnatazama harusi. Mwaka jana nilifundisha tabianchi ya Ikweta nikiwa nimembeba mtoto wa mtu, na sina kinyongo, lakini mkono mmoja hautoshi kwa ubao na ramani.

Kuna jambo ambalo wenzangu kituoni walisita nilitangaze, nami nalitangaza. Jumapili ya pili ya Machi, saa nane mchana, kutakuwa na mkutano wa waume. Siyo wazazi, siyo walezi, waume. Nimechoka kupoteza wanafunzi wa Hatua ya II kwa sababu mume amesikia kijiweni kwamba mke akipata cheti ataondoka. Baba zangu, kaka zangu, njooni tukae. Mtaona daftari za wake zenu, mtauliza mnachotaka, na mtasikia kutoka kwa mwanamume mwenzenu, dereva wa lori la nguzo, ambaye mkewe alimaliza kwetu na sasa ndiye anayemjazia makaratasi ya mzigo. Hatutasema mabaya ya mtu. Togwa itakuwepo. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, hapana, najua msimu wake ndio huu, lakini baada ya ulanzi mkutano unakuwa wa kwaya.

Wapo wanaodhani masomo ya masafa yameletwa na simu janja. Baba yangu hakuwahi kushika simu. Mwaka 1973 alikuwa kwenye kikundi cha kusikiliza redio, kampeni ya Mtu ni Afya, iliyofikia karibu watu milioni mbili nchi hii. Kipindi kinapigwa Radio Tanzania, kikundi kimekaa chini ya mti na kijitabu chao, kiongozi anasoma kwa sauti, kisha wanajadiliana na kukubaliana watafanya nini, na wiki hiyohiyo wanakwenda kukifanya. Choo cha kwanza cha nyumbani kwetu kilichimbwa kwa sababu ya redio. Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa wa Elimu ya Watu Wazima, elimu kwa njia ya posta ikafuata, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikapata sheria yake mwaka 1975, ambayo 2025 ilitimiza miaka hamsini. Nayasema haya kwa sababu kuna mwanafunzi aliniambia anaona aibu kusoma "shule ya redio na simu". Mwanangu, mtihani hauulizi ulisomea chini ya paa gani. Na kile alichokuwa nacho baba yangu ndicho ninachowadai ninyi, kikundi. Moduli ukiisoma peke yako usiku, umechoka, unalala ukurasa wa pili. Mkiwa watatu mnaokaa karibu, mmoja anasoma, mmoja anabisha, mmoja anaandika, mnafika mwisho. Wanaoishi kambi moja shambani hawana kisingizio.

Kuhusu moduli: za Hatua ya I zipo za kutosha, kila mtu atachukua zake. Za Hatua ya II tumepungukiwa za Fizikia na Kemia, tutatoa nakala, lakini wanaochukua masomo hayo ni wachache na tutagawana. Wenye simu janja, Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada vya bure. Njooni kituoni mvipakue kwenye kompyuta tuwahamishie kwenye simu zenu, msimalize bando. Wenye viswaswadu msinung'unike, mambo yote muhimu nitayatuma pia kwa ujumbe mfupi wa kawaida. Na kwenye kundi letu la WhatsApp, tafadhali, picha za maua na salamu za "usifute tuma kwa watu kumi" zikome. Mwezeshaji wa Baiolojia alituma maswali saa moja jioni, kufika saa tatu yalishazikwa chini ya mawaridi.

Tarehe sasa.

Vipindi vya ana kwa ana vinaanza Jumamosi hii, saa tatu asubuhi mpaka saa tisa. Jumapili tunaanza saa saba mchana ili watu watoke kanisani. Wasabato, ambao Jumamosi hawaji, wamepangiwa Hisabati na Kiingereza Jumapili jioni, saa kumi mpaka saa kumi na mbili, na safari hii ratiba haitabadilishwa katikati. Kwaresma na Ramadhani zimeangukia pamoja mwaka huu, kwa hiyo wanaofunga ni wengi na chai ya saa nne hatutaipika mpaka baada ya Pasaka. Anayehitaji kula aje na chake, ale nje bila wasiwasi, hakuna atakayemtazama.

Jaribio la kwanza ni wiki ya mwisho ya Aprili. Litafanyika kama mtihani wa kweli: simu zinabaki mlangoni, hakuna kikokotoo kwenye Hisabati, majedwali tu, kwa hiyo anzeni kuyazoea. Juni na Julai tunasogeza mwanzo mpaka saa nne asubuhi, maana vidole vilivyoganda haviandiki, na anayetoka Mgololo hawezi kupata gari la mapema kwenye ukungu ule. Moki ni Agosti. Tarehe 8 Septemba ni Siku ya Kisomo Duniani, na katika Juma la Elimu ya Watu Wazima kituo chetu kitakuwa na banda. Dada wa ushonaji waanze kufikiria wataonyesha nini, na safari hii tusionyeshe vitambaa vya meza peke yake. Oktoba hakuna masomo mapya, ni kurudia tu. Novemba mnajua.

Limebaki moja, nalo linanikosesha usingizi kidogo. Mwezeshaji wetu wa Hisabati amepata ajira ya serikali, amepangiwa mbali, na anaondoka Machi. Tunamshukuru na tunamlaani kwa upendo. Kijana wa dingdong amejitolea kuwasaidia Hatua ya I kwenye sehemu na asilimia mpaka tupate mtu, na nimemkubalia, lakini Hatua ya II wanahitaji mwalimu kamili, anayejua logarithimu na asiyekasirika akiulizwa kitu kilekile mara nne. Kama unamfahamu, awe mstaafu, awe kijana anayesubiri ajira, mlete Jumamosi nimuone akifundisha. Posho ni ya kuchekesha, nasema mapema asije akanilaumu, na inachelewa. Nyumba ya kupanga hapa mjini, Kinyanambo, naweza kumtafutia, na mayai yapo.